Pumzi ya Moto Chini ya Mguu: Mwongozo wa Mvukuto wa Kukanyaga kwa Mhunzi wa Tosamaganga

Mhunzi amejaliwa mikono miwili na kutwikwa kazi tatu. Mkono wa kushoto hushika koleo, mkono wa kulia huinua nyundo, na moto, ambao ndio msingi wa kazi yote, hubaki ukimngoja mtu wa pili aupe pumzi. Tangu zama za kale mtu huyo amekuwa mwanagenzi, aghalabu mtoto, aliyeketi chini mbele ya viriba viwili vya ngozi ya mbuzi, akikiinua hiki na kukikandamiza kile tangu asubuhi mpaka adhuhuri, macho yake yakiwa katika makaa na fikira zake zikiwa mbali. Akichoka, moto huzubaa. Akivukuta kupita kiasi, chuma huungua. Akiitwa nyumbani, kazi yote husimama, hata kama wateja wamejaa mlangoni na msimu wa kulima umebisha hodi.

Mwongozo huu umekusudiwa kumwondolea mhunzi taabu hiyo. Utamwonyesha namna ya kutengeneza, kwa magurudumu ya baiskeli kuukuu, mbao na bati, mvukuto unaokanyagwa kwa mguu, ambao yeye mwenyewe ataweza kuuendesha akiwa amesimama kando ya tanuri lake, koleo mkononi. Shabaha yake ni moja: anayetawala hewa ndiye anayetawala chuma, na si hekima utawala huo ukae kwa mtu mwingine, sembuse kwa mtoto ambaye bado hajaijua rangi ya chuma kilichoiva.

Nimeiweka kazi hii Tosamaganga, jina ambalo kwa Kihehe hufasiriwa kuwa kutupa mawe, kwa sababu ni mahali panapofahamu heshima ya fundi. Misheni yake, iliyoanzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19 na kushikwa na Wakonsolata wa Kiitalia tangu 1919, ni majengo ya matofali, mbao na chuma, na majengo ya namna hiyo hayasimami pasipo mafundi. Aidha, kila kitakachotajwa hapa chapatikana kwa mwendo mfupi: baiskeli zilizochakaa zimo vijijini, vyuma chakavu vyauzwa mjini Iringa, udongo wa kichuguu wapatikana mashambani, na makaa mazuri ya miwati hutoka upande wa Njombe.

VIRIBA VYA WAZEE WETU NA MAFUNZO YAKE MATATU

Nyanda hizi za juu za kusini si ngeni katika habari za chuma. Huko Ufipa wayeyushaji walijenga tanuri refu la udongo, lililompita mtu kimo kwa mbali, lenye matundu mengi chini, likavuta hewa lenyewe pasipo mkono wa mtu kulipulizia. Lakini bonge la chuma lililotoka humo halikuwa tayari kwa nyundo, nalo likapelekwa katika tanuri dogo la pili, liitwalo kintengwe, na hapo viriba havikuwa na budi kuvukutwa. Katika milima ya Livingstone, juu ya Ziwa Nyasa, Wakinga walisifika kwa majembe yao, wakayashusha kwa Wanyakyusa na kurudi na chakula. Na Wapangwa walikaa jirani na Liganga, katika Ludewa ya leo, ambako mawe ya chuma yamejaa hata sasa. Ile mikuki iliyokishinda kikosi cha Kijerumani cha Zelewski pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, kabla ya kufika mikononi mwa mashujaa wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ilipita kwanza katika moto uliopulizwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Viriba vyao vilikuwa na akili kubwa kuliko sura yake, na mtu atakaye kuvibadili sharti avielewe kwanza. Vilikuwa viwili, ili kimoja kijae wakati kingine kinapotoa, na pumzi isikatike. Mdomo wa nyuma ulikuwa na vijiti viwili vilivyofunguka kiriba kilipoinuliwa na kufumba kilipokandamizwa, ili hewa iingie kwa njia moja na kutoka kwa nyingine. Tena mrija wa kiriba haukuzibwa kabisa katika bomba la udongo lililoingia motoni, bali uliachiwa nafasi ndogo, ili kiriba kinapovuta hewa kisiuvute moto ndani ya ngozi. Hayo ndiyo mafunzo matatu: pumzi isiyokatika, njia moja ya kuingilia nguvu, na upenyo wa kuukinga mvukuto na moto wake wenyewe. Mvukuto tutakaoujenga una sura nyingine, lakini hauachi hata funzo moja katika hayo. Gurudumu zito litatunza pumzi, friwili ya baiskeli itashika kazi ya mdomo wa vijiti, na kifuniko katika bomba kitakuwa ndio upenyo.

Wala kuutumia mguu si bidaa. Waagaria wa India ya kati, kabila la wayeyushaji chuma, walisimama juu ya ngoma mbili zilizowambwa ngozi yenye tundu katikati, wakaliziba tundu kwa kisigino walipokanyaga, huku mti wa mwanzi uliopindwa ukiivuta ngozi juu tena mguu ulipoinuka. Wajapani nao waliyeyusha chuma cha panga zao kwa mivukuto ya kukanyaga ubao, upande huu ukishuka na upande ule ukipanda. Na sisi wenyewe, nani asiyemjua mshonaji aendeshaye cherehani kwa miguu barazani, au mnoa visu apitaye mitaani na baiskeli yake, akiiegemeza na kuikanyaga papo hapo mpaka jiwe la kunolea linazunguka na cheche zinaruka? Maarifa tunayoyahitaji tunayo tayari. Yaliyobaki ni kuyaelekeza kwenye moto.

HEWA YA NAMNA GANI?

Kabla ya kushika msumeno, fahamu unachokitaka. Hewa ikipungua, chuma huchelewa kuiva na makaa huteketea bure. Hewa ikizidi, sehemu yake hupita katika makaa pasipo kutumika, ikakifikia chuma na kukifanyia magamba meusi yanayodondoka kwa kila pigo, na chuma kinachodondoka hivyo ni mali yako inayopotea. Na ikiwa chuma kimefika weupe, hurusha cheche kama fataki, na chuma kilichorusha cheche kimeungua, wala hakuna dawa ya kukirudisha. Moto wa makaa ya miti hautaki upepo wa kimbunga. Wataka upepo mwororo, mwingi, usiokatika. Anayetumia makaa ya mawe, mathalani yale ya Kiwira, atahitaji msukumo mkubwa zaidi, kwa kuwa hayo ni magumu kuwaka.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya nchi za pwani havikuambii. Iringa iko juu ya bahari kwa mita 1,500 na zaidi, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga kwa kiasi kama asilimia 15. Kwa sababu hiyo feni ambayo ingetosha Tanga itaonekana dhaifu Tosamaganga. Ndiyo maana katika vipimo vinavyofuata feni imepewa upana wa sentimita 30, ambapo fundi wa pwani angeridhika na 25.

VIFAA

Kusanya hivi kabla ya kuanza, maana kazi inayosimama katikati kwa kukosa bolti moja huvunja moyo:

– Gurudumu la nyuma la baiskeli kubwa, pamoja na friwili yake, bila tairi wala tyubu, lisiloyumba.
– Habu ya mbele ya baiskeli, na gololi zake zikiwa nzima.
– Mnyororo wa baiskeli, urefu wa sentimita 70 hivi.
– Tyubu mbili kuukuu.
– Nguzo mbili za mkaratusi, unene wa mkono wa mtu mzima, urefu wa sentimita 170.
– Ubao mgumu wa kukanyagia, urefu wa sentimita 110, upana wa 12, na bawaba moja imara.
– Bati la chuma la unene wa milimita moja kwa feni, na bati la kawaida au mbao nyepesi kwa nyumba yake.
– Nondo nyembamba, waya, ribiti, bolti na nati.
– Bomba jeusi la chuma la inchi 2, urefu wa mita moja na nusu, na kiungo chake cha njia tatu.
– Udongo wa kichuguu, mchanga na majani makavu.

KUJENGA

Kwanza, gurudumu. Chimbia nguzo mbili ardhini kwa kina cha sentimita 50, ziwe zimeachana kwa kadiri ekseli ya gurudumu itakavyoenea, na ushindilie mawe na udongo mpaka zisitikisike. Toboa kila nguzo kwa keekee kwenye kimo cha sentimita 110 kutoka chini, upitishe ekseli na kukaza nati. Gurudumu la baiskeli ni jepesi, nalo jepesi husahau upesi mwendo liliopewa. Kwa hiyo pinda nondo iwe duara, uifunge kwa waya juu ya spoku, karibu na rimu, pande zote kwa usawa. Ukilizungusha kwa mkono, lizunguke kwa muda mrefu na lisimame popote, si mahali pamoja kila mara. Likisimama mahali pamoja, upande wa chini ndio mzito. Ongeza waya upande wa pili mpaka mizani ikae sawa.

Pili, kikanyagio. Funga ncha moja ya ubao kwa bawaba juu ya gogo lililozikwa sakafuni, na ncha ya pili ije chini kabisa ya friwili, ikiwa imeinuka sentimita 40 kutoka ardhini. Fungia mnyororo kwenye ncha hiyo kwa waya mgumu, upandishe, uupitishe juu ya meno ya friwili, kisha uushushe upande wa pili, na huko uufunge kwenye utepe wa tyubu ulioshikwa na kigingi kilichopigiliwa chini. Ukikanyaga, mnyororo huizungusha friwili na gurudumu pamoja. Ukiinua mguu, mpira huurudisha mnyororo, ubao ukapanda, nalo gurudumu likaendelea na safari yake, kwa sababu friwili hushika upande mmoja na kuachia upande mwingine. Kabla ya kufunga chochote, zungusha friwili kwa kidole ujue inashika upande gani; ukilikosa hilo, utakanyaga siku nzima na gurudumu halitakwenda. Ikiwa mpira umelegea kwa kuzeeka, tundika badala yake mfuko wa mchanga, uzito wake upimwe mpaka uweze kuuinua ubao bila kuuchelewesha.

Hapa tufanye hesabu kidogo, kwani mhunzi anayejua hesabu ya mashine yake hataibahatisha. Mguu ukanyage katikati ya ubao, na kila ukishuka sentimita 17 au 18, ncha ya ubao hushuka 35. Friwili ya meno 18 humeza mnyororo wa sentimita 23 kwa mzunguko mmoja, hivyo kila mkanyago hulipa gurudumu mzunguko mmoja na nusu. Ukikanyaga mara 60 kwa dakika, ambao ni mwendo wa mtu anayepanda ngazi bila haraka, gurudumu litazunguka mara 90. Rimu ina upana wa sentimita 62 hivi, na shina la habu ya mbele lina sentimita 3. Kwa hiyo mkanda utakaoviunganisha utaizungusha feni mara 20 kwa kila mzunguko wa gurudumu, yaani mara 1,800 kwa dakika. Huo ni mwendo wa kutosha kuamsha moto wa makaa ya miti.

Tatu, feni. Kata duara la bati lenye upana wa sentimita 30, utoboe katikati na ulifunge kwa bolti ndogo kwenye sikio moja la habu, ukitumia yale matundu ya spoku. Juu ya duara hilo, upande usioelekea habu, piga ribiti mapanga sita yaliyonyooka kutoka karibu na katikati mpaka ukingoni, kila moja likiwa na urefu wa sentimita 8 na kina cha 6 au 7, na nafasi kati yao ziwe sawa kabisa. Pima uzani kama ulivyolipima gurudumu, ila kwa uangalifu mkubwa zaidi: ushike ekseli mkononi, uiache feni izunguke, na upande unaoshuka kila mara uupunguze kwa tupa. Usiliharakishe jambo hili. Feni isiyo na mizani hutikisa nyumba yake, hulegeza kila nati, na hula gololi zake katika majuma machache.

Nne, nyumba ya feni. Iwe na umbo la konokono: mahali pa kuanzia ukuta uwe mbali na feni kwa sentimita 2 tu, kisha utanuke polepole kufuata mzunguko wa feni, mpaka mlangoni umbali ufike sentimita 10. Hewa ikifika hapo hukuta njia pana na kutoka bila kugombana na nafsi yake. Ubavu wa mbele, unaotazamana na mapanga, utoboe tundu la upana wa sentimita 12, ndilo la kuvutia hewa. Ubavu wa nyuma utoboe tundu la kupitisha habu, ili nusu yake iwe ndani na feni, na shina la kupitia mkanda libaki nje. Ekseli ya habu ishikwe pande mbili, kwa kipande cha chuma kinachokatiza tundu la mbele na kingine kilicho nje nyuma. Nyumba nzima iwekwe juu ya meza ndogo yenye bolti zinazoteleza, ili uweze kuisogeza na kuukaza mkanda. Mkanda wenyewe, utepe wa ngozi wa sentimita 2 au mpira wa tyubu ulioungwa vizuri, upite katika mfereji wa rimu na juu ya shina la habu.

Tano, njia ya hewa. Mlango wa konokono uunganishwe na bomba la inchi 2, na katikati ya bomba weka kile kiungo cha njia tatu, tawi lake likitazama chini na kufungwa kwa kifuniko chepesi kinachofunguliwa kwa kidole. Bomba liwe jeusi; lile la rangi ya fedha, lililopakwa zinki, lisisogezwe karibu na moto, kwani zinki ikiungua hutoa moshi unaomwangusha mtu kwa homa. Mwisho wa bomba usiingie motoni wenyewe, bali ushikwe na mdomo wa udongo. Finyanga mdomo huo kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, ukiuzungushia mti laini uliopakwa majivu, tundu la mbele libaki na upana wa inchi 1. Uuanike kivulini kwa juma zima kabla ya kuuonjesha moto mdogo. Wahenga walisema udongo upate uli maji, lakini tanuri halimwonei huruma anayeuchoma udongo ungali maji.

Sita, tanuri. Jenga bakuli la udongo huohuo juu ya jukwaa la matofali, lifike kiunoni, upana wa bakuli uwe sentimita 25 na kina 10 au 12, na mdomo wa hewa uingie ubavuni, sentimita 6 juu ya sakafu ya bakuli. Usitumie mawe ya mtoni, maana maji yaliyojificha ndani yake huyapasua kwa kishindo. Fuawe lako liwe umbali wa hatua moja na nusu kutoka kwenye tanuri, na kikanyagio kikae upande wa mguu wako wenye nguvu.

KUUJARIBU

Usiwashe moto siku ya kwanza. Chukua mrija mwangavu wa plastiki, uupinde kama herufi U, utie maji nusu, na ncha yake moja uichomeke katika tundu dogo kwenye bomba, huku mdomo wa udongo ukiwa umezibwa kwa kiganja. Kanyaga kwa mwendo wako wa kawaida. Maji ya upande mmoja yakipanda juu ya yale ya upande wa pili kwa sentimita 3 hadi 5, mvukuto wako umefaulu. Yakishindwa kufika 3, tafuta sababu kwa utaratibu: mkanda unateleza, au nyumba ya feni inavuja kwenye maungio, au mapanga yako mbali mno na ukuta pale konokono anapoanza. Ziba mianya kwa udongo laini au kitambaa kilicholoweshwa gundi, kaza mkanda, ujaribu tena.

KUUTUMIA

Washa moto kwa vijiti vikavu, ukanyage polepole, na makaa yaongezwe kwa tabaka, yale mapya pembeni na yaliyokwisha kushika katikati. Makaa yawe ya ukubwa wa yai au chini yake. Chuma kiwekwe juu ya mdomo wa hewa wala si mbele yake hasa, na kifunikwe na makaa, ili kiive kwa joto na si kwa upepo.

Sasa utaona faida ya mguu. Macho yako, yaliyozoea kumwonya mtoto, yatakuwa huru kutazama rangi. Rangi ya damu ya mzee ni kama nyuzi 650 au 700, na chuma hapo bado kigumu. Wekundu wa pilipili iliyoiva ni kama 800. Rangi ya chungwa ni 950 hivi, na manjano ya embe bivu ni 1,100. Kati ya hizi mbili ndimo chuma kigumu cha springi za lori hufuliwa vizuri, jembe likatanuka na mundu ukapinda pasipo kupasuka. Weupe waachie chuma laini kinachounganishwa kwa moto, tena kwa hadhari. Ukiona chuma kinakaribia rangi uitakayo, inua mguu. Gurudumu litaendelea kuupa moto pumzi inayofifia kwa muda mfupi, nawe umekwisha kufika kwenye fuawe. Hilo ndilo jambo ambalo mtoto wa viriba hakuweza kulifanya, si kwa uvivu, bali kwa kuwa rangi uliyoiona wewe, yeye hakuiona.

Kwa kunywesha chuma makali, mguu una thamani zaidi. Springi ikishapata umbo, ipashe moto kwa pumzi ndogo kabisa, ukiigusisha sumaku iliyofungwa kwenye waya mrefu. Chuma kikifika karibu nyuzi 770, sumaku haikishiki tena. Kiache kipate joto kidogo zaidi ya hapo, kisha ukizamishe katika mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto kidogo, wala si katika maji, kwani maji huipasua springi. Ukiking'arisha kwa msasa na kukirudisha juu ya makaa yasiyopulizwa, rangi zitapita juu yake moja baada ya nyingine: rangi ya majani makavu, ambayo yafaa kwa kisu, kisha zambarau, yafaayo shoka, kisha buluu, yafaayo jembe na panga, vitu vinavyopigwa na mawe na visivyotakiwa kuvunjika. Ikifika rangi unayoitaka, zamisha tena mara moja.

HADHARI

Kuna hatari moja ambayo wengi huijua baada ya kuipata. Ukiacha kukanyaga na moto ungali mkali, gesi ya makaa hurudi nyuma katika bomba, na ukirudi kukanyaga kwa nguvu, gesi hiyo iliyochanganyika na hewa huwaka kwa mlipuko na kuipasua nyumba ya feni. Ile nafasi ndogo waliyoiacha wazee kati ya kiriba na bomba ilikuwa kinga dhidi ya moto urudio nyuma. Kwa hiyo kila unapoondoka kwa zaidi ya dakika moja, fungua kifuniko cha chini; na unaporudi, kanyaga mara tatu polepole kabla ya kukifunga.

Gesi hiyohiyo haina rangi wala harufu, nayo huua. Karakana iwe wazi pande mbili, hata katika baridi ya Juni na Julai, na makaa ya tanuri yasibebwe jioni kuingizwa katika chumba cha kulala kwa ajili ya joto. Zungushia gurudumu na mkanda uzio wa fito, watoto wasitie vidole wala mtu asinaswe nguo. Funika macho unapofua, na vaa viatu vilivyofunika vidole, kwani magamba ya chuma huangukia mguu uleule unaokupa pumzi.

MATUNZO

Kila juma tia grisi katika habu zote mbili na tone la mafuta katika friwili. Kila mwezi fungua nyumba ya feni ufute vumbi la makaa, kwa sababu vumbi likiganda upande mmoja wa panga huvunja mizani uliyoihangaikia. Mdomo wa udongo utaliwa na moto, nao haudumu. Uwe na mingine miwili imekauka darini wakati wote. Mpira wa tyubu ubadilishe unapoanza kuchanika, usingoje ukatike na kukuchapa.

Na yule mtoto? Usimfukuze. Mpe nyundo ndogo na kipande cha chuma laini, asimame upande wa pili wa fuawe, ajifunze rangi na mapigo, kwa sababu viriba vilimfundisha kuvumilia tu, na uvumilivu peke yake hauleti uhunzi. Saa za shule zikifika, aende shule, na moto hautazimika kwa kuondoka kwake.

Mvua za Iringa huanza Novemba au mwanzo wa Desemba, na kila mkulima hutaka jembe lake kabla ya tone la kwanza. Anayechimbia nguzo zake Julai atakuwa amejaribu, amekosea, amerekebisha na amezoea kufikia Septemba, na wateja wa Oktoba watamkuta akifanya kazi peke yake kwa raha, koleo kushoto, nyundo kulia, na pumzi ya moto wake chini ya mguu. Ndugu yangu mhunzi, tafuta lile gurudumu kuukuu leo.